Mupe mtoto makala na karto, asiende kwenye shimo

Baba na mama wa Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi, masomo ikifunga, sisi wote tunajua watoto wanaelekea wapi. Wengine wanabeba mifuko, wanaenda pembeni ya carrière kuokota na kuosha mawe. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inakataza kazi ya namna ile. Lakini sheria haimupi mtoto kitu cha kufanya toka asubuhi mpaka jioni. Mtoto asiye na kazi mikononi anafuata wenzake.

Kwa mawazo yangu, nyumba nayo iko na kazi hapa: kumupa mtoto kitu cha kutengeneza. Najua wengi watajibu: «Kuchora ni muchezo tu, haijaze sufuria.» Ni kweli, haijaze. Picha haiwezi kulipa minerval, wala kuondoa njala. Lakini mkono unaochora unajifunza kutazama, kupima, kuanza kazi na kuimaliza. Ninyi watu wa mine munajua bei ya mtu asiyejua kupima.

Tena watu wa hapa kwetu walishaonyesha njia. Mwaka 1946, Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelier iliyoitwa Le Hangar. Hakutaka wachoraji wake waige picha za Ulaya. Bela alipaka rangi kwa vidole. Mwenze Kibwanga na Pilipili Mulongoy, kila mmoja alitafuta njia yake. Nyuma yao, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Kidole na mfuko wa unga: ni nyumba gani inakosa vitu hivi?

Basi, siku ya posho ao siku ya yenga, mujaribu hivi. Makala iliyosagwa inatoa rangi nyeusi. Udongo mwekundu, muuchunge vizuri. Pemba inatoa nyeupe. Muchanganye kila rangi na uji mwepesi wa unga, ishike kwenye karto. Uji ule ule, ukipikwa mzito kidogo, ni kole ya kubandika vipande vya magazeti ya zamani. Watoto wakubwa watengeneze motokari ya waya, na vifuniko vya chupa viwe magurudumu. Wadogo wafinyange ngombe na sufuria kwa udongo wa kichuguu.

Kuko jambo moja bila muchezo: vitu vya mine visiingie katika rangi. Jiwe la kijani la malachite linapendeza macho, lakini vumbi yake si ya mtoto. Vilevile ile nyeusi ya ndani ya pile za zamani, na waya zilizochomwa moto. Udongo mutoe mbali na carrière na mbali na maji machafu ya usine. Kisha watoto wanawe mikono mbele ya kula bukari.

Na sasa neno kwa ba baba. Ukitoka poste ya usiku, umechoka, hakuna mtu anakuomba ukae saa mbili chini na watoto. Dakika kumi zinatosha. Usicheke ngombe mwenye miguu mitano. Usimwambie mtoto achore sawa na ya jirani. Muulize tu: «Hii ni nini? Nielezee.» Halafu ubandike picha yake ukutani, pale wageni wanakaa.

Haiombi franka hata moja, na hatuhitaji kungojea kompani wala serikali. Mtoto anayejua kwamba baba yake atarudi kutazama picha yake, yule ana sababu ya kubaki nyumbani.