Mtu Wetu Hatulipii Kodi

Ukishuka Landless, kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, huhitaji redio ujue siasa za Kenya zimefika wapi. Steji ya bodaboda inatosha. Uchaguzi wa 2027 umeanza kunukia, na hoja zinazorushwa pale ni zile zile za kila msimu. Nyingi hazina miguu.

Ya kwanza ni kwamba ukabila tumezaliwa nao, kwamba Mkenya hupigia kura damu yake. Basi damu hii ina vituko. Baada ya kura ya 2007, Wakikuyu na Wakalenjin waliuana Bonde la Ufa, na kote nchini watu zaidi ya 1,100 wakafa. Miaka mitano baadaye jamii hizo hizo zikapanga foleni kumchagua Uhuru Kenyatta na William Ruto kwa tiketi moja. Machi 2018 Uhuru akapeana mkono na Raila Odinga, na 2022 akawasihi watu wa kwao wampe Raila kura, wakampa Ruto. Oktoba 2024 Rigathi Gachagua, yule aliyeifananisha serikali na kampuni yenye wenye hisa, akang'olewa kwenye unaibu wa rais, huku watu wa ODM, chama cha Raila, wakiwa wameshaketi kwenye baraza la mawaziri. Waliopatana na kukosana ni wakubwa. Sisi tuliletewa adui mpya kila mara, tukampokea bila maswali.

Wapo wanaojitetea kwamba hata Marekani wamegawanyika. Ni kweli, na Januari 6, 2021 dunia nzima iliwaona wakivamia bunge lao. Lakini Mmarekani hugombana na jirani yake kuhusu bunduki, utoaji mimba na wahamiaji, ndani ya vyama viwili vilivyoishi zaidi ya karne moja na nusu. Hapa TNA, chama cha Uhuru, ilimezwa na Jubilee mwaka 2016, Jubilee ikanyauka UDA ya Ruto ilipochipuka, na Mei 2025 Gachagua akatuletea chama chake cha DCP. Sijui ni itikadi gani huhama nyumba haraka hivyo.

Hoja inayoniudhi zaidi ni ya wageni: eti wametujaa Thika, wanachukua kazi za watoto wetu. Thika ilikua kwa mkonge, kahawa na mananasi, kisha viwanda, na tangu enzi za mkoloni vibarua wamekuja kutoka Ukambani, Magharibi na Nyanza. Ingia ploti yoyote ya Landless mwisho wa mwezi. Vyumba vimetazamana, kamba za nguo zimepita juu, mitungi ya maji imepangwa mlangoni. Keretaka anagonga kwa aliyetoka Busia, anagonga kwa aliyetoka Kitui, anagonga kwa aliyetoka Gatanga, na simu ya mwenye ploti inalia kwa ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine. Mwenye ploti huyo huyo ndiye utakayemsikia jioni akilalamikia wageni. Wakiondoka, atampangisha nani? Na mama mboga wa pale getini atamkatia nani sukuma? Kuhusu kazi, wanaosubiri kibarua alfajiri kwenye lango la kiwanda hurudishwa nyumbani pamoja nafasi zikijaa, wenyeji kwa wageni.

Kwamba maandamano ya vijana yalikuwa njama ya Mlima Kenya, hilo halihitaji maneno mengi. Juni 25, 2024, siku bunge lilipovamiwa, barabara zilijaa Mombasa, Kisumu na hata Eldoret, nyumbani kwa rais. Walichokataa ni mswada wa kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi.

Imebaki hoja kubwa: mtu wetu akiingia Ikulu, shida zitaisha. Kiambu, kaunti yetu sisi wa Thika, imeshainywa dawa hii. Jomo Kenyatta na mwanawe Uhuru, wote wa Gatundu, si mbali na hapa, wameiongoza Kenya karibu miaka 25 kwa jumla. Ongeza miaka 10 ya Mwai Kibaki wa Othaya, kule Nyeri. Hata hivyo mashamba makubwa yangali yameuzunguka mji wa Thika, na kijana wa Landless analipia chumba kimoja. Hata serikali ya sasa iliingia kwa kura nyingi za Kiambu. Ndiyo iliyopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na ndiyo inayomkata mfanyakazi wa kiwandani asilimia 1.5 ya nyumba na 2.75 ya afya. Ushuru wa mafuta ulipopanda, Gachagua alikuwa naibu wa rais. Nilipolitaja hilo stejini, nikajibiwa haraka kwamba yule ni mtu wa Nyeri. Sisi hapa ni Kiambu.