Kasuku Dume au Jike?

Juma lililopita tulizuru aila moja katika majumba ya Nyayo Highrise, Nairobi. Tulimkuta bibi mwenye nyumba ameduwaa: Mabruki, kasuku wake wa kijivu aliyemdhania dume miaka yote, ametaga yai.

Si ajabu. Kasuku wa kijivu, dume kwa jike, hufanana mno, wala wingi wa maneno si dalili ya udume. Jike aweza kutaga akiwa peke yake, ila yai hilo haliangui kinda. Kwa asiyetaga, yakini hupatikana maabara: daktari wa mifugo huchukua tone la damu, au hung'oa manyoya machache ya kifuani pamoja na mizizi yake, yakapimwa vinasaba.

Mwana wa bibi alitaka kumnunulia Mabruki mume upesi. Tulimsihi asitishe. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaonaswa porini imepigwa marufuku, na mwaka 2022 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) liliwataka wanaowafuga nchini wawasajili. Ndege anayeuzwa kwa siri huenda ametolewa kiotani kwa dhuluma.

Bibi alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na huyu wangu, wanangu?"

Hana kibali, naye anachelea kunyang'anywa mwenziwe wa faraghani. Hatukumficha kwamba hofu yake ina msingi. Makao ya shirika hilo yako Barabara ya Lang'ata, si mbali na kwake. Tumeahidi kufuatana naye.