Kabla ya umati, alirubuniwa Brutus

Wengi waliosoma Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963 na kuipitia upya mwaka 1969, hukumbuka zaidi hotuba ya Antony mbele ya maiti ya rafiki yake Caesar (Kaizari), kisha huhitimisha kwamba wananchi wa kawaida ni bendera fuata upepo. Hitimisho hilo linawaonea wananchi. Wa kwanza kurubuniwa ni Brutus, msomi anayeheshimiwa kuliko wenzake wote Roma, na mlango alioingilia mrubuni ni heshima hiyohiyo.

Cassius, anayemvuta Brutus ajiunge na njama ya kumuua Caesar, hamwahidi fedha wala cheo. Anamkumbusha babu yake aliyeupinga ufalme, anamwambia jina lake halizidiwi na la Caesar, kisha anaagiza barua za kughushi, zenye miandiko tofauti, zitupwe dirishani kwake kana kwamba zimeandikwa na raia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akiwa peke yake usiku, Brutus anakiri kwamba hajawahi kuona Caesar akiongozwa na hisia kuliko akili. Hata hivyo anaamua auawe kwa sababu ya vile anavyoweza kuwa akishavikwa taji. Barua inapofika ikiwa na maneno nusunusu, anayajaza mwenyewe, kwa namna inayoafiki uamuzi aliokwisha kuufanya.

Atakayewatetea wasomi atasema Brutus angalau alikesha akitafakari, ilhali umati uliomsikiliza Antony uligeuka kwa dakika chache. Lakini kukesha si kupima ushahidi. Umati ulioneshwa vazi lililotobolewa kwa visu, ukasomewa wosia unaompa kila raia drakma 75. Haukuweza kujua kwamba baadaye Antony angetafuta njia ya kuupunguza urithi huohuo. Siutakasi: ulimuua mshairi Cinna kwa kuwa tu jina lake lilifanana na la mmoja wa wala njama. Ila kabla ya Antony kufungua kinywa, Brutus alikuwa ameuomba umwamini kwa ajili ya heshima yake, bila kutaja kosa hata moja alilotenda Caesar zaidi ya kusema alikuwa na tamaa ya makuu. Aliuzoesha kuhukumu kwa sifa ya msemaji, naye Antony akavuna. Na hata kama Caesar kweli alielekea ufalme, hoja ya haki haipungukiwi na kitu kwa kudaiwa ushahidi. Inayouogopa ni hila.

Kwa hiyo walimu wanaoifundisha tamthilia hii wasianze na hotuba ya Antony. Waanze na Brutus na barua zake, na wawazoeshe wanafunzi, ambao kesho watakuwa wasomi wanaosifiwa, kuuliza ushahidi uko wapi, hasa pale wanapoambiwa kwamba taifa linawategemea wao.