Ndoo zikibanana, usijifanye baunsa!

Kama chumbani kwako kuna ndoo mbili zimebanana mpaka umeamua kuzihesabu kama ndoo moja, basi safu ya leo ni yako. Usicheke! Najua mpo wengi. Kuna mshikaji wangu mmoja ana ndoo za namna hiyo tangu ahamie kwenye chumba chake, sasa hivi amezigeuza stuli ya kukalia wageni.

Hata mimi nilikuwa nacheka hivyo hivyo, mpaka yaliponikuta.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2022, si unakumbuka? Mto Ruvu ulipungua maji, jiji la Dar likaingia kwenye mgao. Uswahilini kwetu maji yalikuwa yanatoka usiku wa manane, tena kwa kuvizia kama mwizi. Ukisikia bomba linakohoa saa 8 usiku, unaruka kitandani na bukta yako, mbio mpaka uani. Ukichelewa, kesho utaoga kwa kikombe.

Sasa kwenye nyumba niliyopanga, chumba cha jirani alikuwa anakaa mama mmoja muuza uji. Saa 12 asubuhi yuko barabarani na sufuria lake, makonda na wanafunzi wamemzunguka. Uji huo ndio kodi yake, ndio nauli za watoto, ndio kila kitu. Alikuwa na ndoo nne za plastiki za lita 20, zile zinazokuja na mafuta ya kula.

Mchana mmoja akaniita. "Baba, leo nalala Temeke kwa mwanangu, ana mgonjwa. Maji yakitoka usiku, naomba unijazie ndoo zangu. Mimi narudi na gari la kwanza nije nipike."

"Mama, ondoa shaka kabisa!" nikajibu kwa mbwembwe zote.

Ili kuonyesha kwamba mtoto nimelelewa, nikaamua kuzisafisha kabisa. Ndani nikakuta vitambaa vichakavu vya kanga, nikaona hizi takataka za nini, nikatupa. Nikaziosha, nikaziacha juani, nikazipachika moja ndani ya nyingine zikiwa bado zina maji maji. Halafu nikakalia juu yake, dakika 90 nzima, nasikiliza mpira redioni. Kumbe najichimbia kaburi!

Saa 8 usiku, bomba likakohoa. Nikatoka mbio. Ndoo ya juu ikatoka vizuri tu. Ya pili nikavuta, wapi! Nikakanyaga ukingo wa chini nikavuta tena, wapi! Nikamwamsha jamaa wa chumba cha tatu, huyu huku mimi kule, kama mashindano ya kuvuta kamba Mei Mosi. Kina dada kwenye foleni wanatucheka, huku zamu inapita. Macho yakanitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Hapo nikafanya upumbavu ambao nakuomba wewe usiufanye. Nikaleta kisu, nikachomeka kwenye ukingo, nikabinua. Kwaa! Ndoo ya pili ikatoka, lakini na ufa kuanzia mdomoni mpaka katikati. Na kidole nimekichana, kovu ninalo mpaka leo. Zile mbili zilizobaki zimeganda vile vile. Nikajaza ile ya ndani hivyo hivyo, lingine kosa, maana lita 20 za maji ni kilo 20, nikawa nimezididimiza zaidi.

Saa 11 alfajiri mama akaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Maji yalitoka?"

Nikamwonyesha. Ndoo mbili zina maji badala ya nne, na moja imepasuka. Nilitegemea anipe vidonge vyangu, hakunipa. Aliigeuza tu ile yenye ufa, akaiweka chini taratibu, akasema, "Ndoo itanunuliwa, baba. Ila wateja wangu leo nusu watakunywa kwa nani? Na kesho watarudi?"

Wajameni, heri angenitukana. Siku hiyo alipika sufuria dogo, saa 1 na nusu likaisha, akarudi nyumbani na kapu lake. Wateja wengine walihamia kwa muuza chai wa ng'ambo ya barabara, na wapo ambao hawakurudi tena.

Asubuhi hiyo hiyo nikazihamishia maji kwenye sufuria zangu, nikazibeba zile pacha mpaka kwa fundi pancha wa kituoni. Akazimwagia maji ya sabuni kwenye ukingo, akanisogeza pembeni, akachomeka mdomo wa mpira wa upepo kati ya ndoo na ndoo. Fyuuu... puu! Ya ndani ikaruka yenyewe kama kizibo. Haikuchukua hata dakika moja.

"Kaka," akaniambia huku anacheka, "hizi zinataka upepo, hazitaki misuli."

Na huyo fundi kasema kweli tupu. Ndoo ni nyembamba chini na pana juu, kwa hiyo ukiisukumiza ndani ya mwenzake inabana kama kabari. Maji maji yaliyobaki yanaziba upenyo. Ukivuta, nafasi ya chini inapanuka lakini hewa haina pa kuingilia, basi hewa ya nje inazisukuma zirudi. Na hewa si mchezo, kila sentimita moja ya mraba inasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja! Miaka ya 1650, Mjerumani Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg, aligusanisha nusu mbili za tufe la shaba, akanyonya hewa ya ndani, halafu akafunga farasi huku na huku wavute. Farasi wakachemsha. Sasa wewe na bukta yako utaweza?

Kwa hiyo zikikubana, fanya hivi:

Kwanza, usivute moja kwa moja. Zilaze ubavuni, ikandamize ndoo ya nje kwa viganja huku unaizungusha, na uigonge gonge ukingoni kwa kandambili. Plastiki ikijipinda, hewa inapata njia.

Pili, mwagia maji ya sabuni kwenye ukingo, subiri yashuke, halafu zungusha ya ndani kushoto na kulia kama unafungua kifuniko. Ukiona pana upenyo, penyeza mrija wa soda, hewa ipite.

Tatu, jaza maji ya baridi ndoo ya ndani, ya nje ikalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Ya nje inatanuka, ya ndani inanywea. Baada ya dakika chache, mwaga maji na uzungushe. Maji yanayochemka usithubutu, yatapinda ndoo na kukubabua.

Nne, zikigoma kabisa, nenda kwa fundi pancha. Ila kaa pembeni, usiinamie, isije ikakupasua uso. Kisu, msumari na nyundo viache nyumbani.

Na ili zisibanane kabisa, zikaushe kwanza na ziache zipoe kivulini, maana ndoo iliyopata moto juani inatanuka, ikipoa inanywea na kumkumbatia mwenzake. Usizikalie, usiweke mzigo juu. Halafu kati ya ndoo na ndoo ning'iniza kitu, kipande cha kamba, cha kandambili iliyokatika, au hata gazeti hili lililokunjwa (ukishamaliza kusoma lakini!).

Mwisho wa mwezi, mshahara ulipoingia, nilinunua ndoo mpya nikampelekea yule mama. Akapokea, akashukuru. Kabla ya kuipachika kwenye zile nyingine, akachana kipande cha kanga kuukuu, akakining'iniza ukingoni, nusu ndani nusu nje, ndipo akaweka ndoo yake juu.

Nikakumbuka zile "takataka" nilizotupa. Nikainama chini kwa aibu.

"Ungeuliza tu, baba," akasema.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na leo jioni kabla hujalala, kaziangalie ndoo zako.