Mafundi wa Nanyamba na Sensa za Sumaku

Pikipiki za umeme, ambazo wakazi wa Dar es Salaam wamekwisha kuanza kuzizoea, hazitakawia kupanda uwanda wa Makonde na kufika Nanyamba. Nami naona ni wajibu, kabla hazijafika, mafundi wetu wafunzwe jambo moja ambalo kwa udogo wake aghalabu husahauliwa: namna mota inavyotambua ncha za sumaku zake zimeelekea wapi.

Ndani ya gurudumu la nyingi kati ya pikipiki hizo sumaku zimepangwa kaskazini na kusini kwa zamu, na katikati zimetulia koili za shaba. Nayo kontrola sharti ijue kila lahadha koili zipi izipe umeme, kwani ikikosea, koili hushindana na sumaku badala ya kuivuta. Habari hiyo huletwa na sensa tatu, kila moja ndogo kuliko ukucha, zitumiazo kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alipopitisha umeme katika jani jembamba la dhahabu mbele ya sumaku, akaona volteji haba imezuka ubavuni.

Sensa moja ikifa, pikipiki hutetemeka isiondoke, na fundi asiyejua humwagiza maskini mwenye chombo anunue mota nzima. Ilhali uchunguzi wake ni mwepesi. Aghalabu nyaya za sensa ni tano: nyekundu huleta volti 5, nyeusi hurudisha, na ya manjano, ya kijani na ya buluu hupeleka habari. Nyekundu ipimwe kwanza, maana ikikosa umeme sensa zote zitadhaniwa zimekufa; kisha mita iunganishwe baina ya nyeusi na kila moja ya zile tatu, gurudumu likizungushwa polepole kwa mkono, na ule waya ambao volti zake hazipandi wala hazishuki ndio wenye maradhi.

Wako watakaosema kuna mota zisizo na sensa, zisomazo volteji ya koili zenyewe. Ni kweli, lakini volteji hiyo huzaliwa gurudumu likizunguka tu, na pikipiki iliyosimama mchangani na gunia la korosho nyuma haina cha kusoma.

Basi naomba Chuo cha VETA Mtwara kisiwangoje vijana wetu waje mjini, bali kilete Nanyamba mwalimu mmoja, gurudumu moja na mita moja, kabla msimu wa korosho haujaanza.