Mabwawa yanayotunywesha yafunguliwe kwa wananchi

Mimi hufundisha Jiografia katika shule moja ya upili hapa Juja. Kila nikifika kwenye mada ya mito na maziwa huwauliza wanafunzi: nani kati yenu amewahi kuliona bwawa la Ndakaini? Mikono inayoinuliwa ni michache mno. Bwawa lenyewe liko Gatanga, kaunti jirani ya Murang'a. Ukipanda matatu Thika, ukapita Gatura, utakuwa umefika kabla jua halijawa kali. Lilikamilika mwaka 1994, lina uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70, na ndilo tegemeo kubwa la Nairobi kwa maji ya kunywa. Mamilioni ya watu huishi kwa maji hayo. Wanaoyajua yanakotoka ni wachache.

Safari moja niliwapeleka wanafunzi huko. Tuliandika barua, tukangoja, tukakubaliwa. Mashamba ya majani chai yalikuwa yamelowa umande, msitu wa Aberdare ulikuwa juu yetu, na maji yalikuwa yametanda kati ya vilima hadi yalipojificha nyuma ya kona. Msichana mmoja ambaye kwao ni Kasarani aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, haya ndiyo maji yanayokatwa kwetu?" Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza jinsi Nairobi ilivyoanza kupata maji kwa zamu Januari 2017 bwawa hili lilipopungua, na jinsi maji yanavyotoka hapa kwenda Ng'ethu kusafishwa, kisha yakafika Gigiri na kusambazwa mitaani. Alikuwa amesoma habari hizo kitabuni. Siku ile ndipo alipoanza kuuliza ni nani anayekata miti mlimani.

Swali hilo ndilo ninalotaka watu wengi zaidi waulize. Ndiyo maana nasema mabwawa na maziwa yaliyo karibu na miji yetu yafunguliwe kwa wananchi, kwa utaratibu na ulinzi. Familia zipate njia ya kutembea kandokando, mahali pa kuketi chini ya miti na kula chakula walichobeba, mashua ya kupiga makasia pale panaporuhusu, na kingo za kuvulia samaki kwa ndoano. Kwa sasa Ndakaini, Sasumua na Ruiru ni majina tunayoyasikia kwenye taarifa za mgao wa maji tu. Mwaka uliofuata safari ile ya Ndakaini nilijaribu kuwapeleka wanafunzi wengine kwenye bwawa jingine, ambalo sitalitaja. Tulirudishwa langoni barua ya ruhusa ikiwa mkononi mwangu, na hakuna aliyetupa sababu. Watoto walikula mikate yao ndani ya basi.

Kuna watakaosema burudani ya majini ni mambo ya wenye pesa. Waje Juja siku ya Jumamosi. Nyumba nyingi za Nairobi na viunga vyake zimejengwa kwa mawe ya Ndarugo na ya machimbo mengine ya hapa kwetu. Wachimbaji wakimaliza huondoka, mashimo yakabaki. Mvua za masika zikinyesha yanajaa, na watoto huenda kuogelea humo. Kingo zake ni ukuta wa mawe yaliyokatwa wima, chini hapaonekani, na ukiteleza huna pa kushika. Nimesimama kaburini kwa mwanafunzi wangu aliyezama katika shimo kama hilo. Hakuwa mtundu. Kulikuwa na joto, alikuwa na rafiki zake, na hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Watoto wetu wanaenda majini tayari. Tumewaachia maji mabaya kuliko yote.

Anayetaka kuona bwawa huwaje likiachwa bila watu wa kulipenda, na aende Nairobi Dam, kati ya Lang'ata na Kibera. Lilijengwa mwaka 1953. Palikuwa na klabu ya mashua za matanga, na wapo wazee wa Lang'ata wanaoyakumbuka matanga hayo yakipita Jumapili mchana. Leo ukisimama ukingoni utaona uwanja wa kijani ambao mgeni angedhani ni malisho. Ni magugumaji. Chini yake kuna matope, takataka na majitaka yaliyoletwa na mto Motoine na mifereji ya mitaa ambayo haijawahi kujengewa mabomba ya kutosha. Siwalaumu wakazi wa Kibera, ambao walinyimwa vyoo na ukusanyaji wa taka kwa miaka mingi. Lakini kila jirani wa bwawa lile alijenga akilipa kisogo, na lilipoanza kufa hapakuwa na umati wa kulipigania.

Maji yanayotoka pale huitwa mto Ngong. Hupitia Industrial Area na Embakasi, hujiunga na mto Nairobi, kisha Athi, na hatimaye huanguka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, upande wa pili wa Thika. Huko pia huwapeleka wanafunzi, kwa sababu somo lote liko pale. Vijana wa eneo hilo huwavusha wageni kwa mashua na kuwaonyesha mapango, nao wanajua kazi yao vizuri. Lakini povu hupanda juu ya mawe, na harufu hukufikia kabla hujayaona maji. Huwaambia wanafunzi watafakari jambo hili. Mvua iliyonyesha Aberdare ilistahili kushuka na mto Thika hadi Tana. Sisi tukaigeuza njia, ikaenda Nairobi, ikapita jikoni na vyooni mwetu, na sasa inashuka hapa mbele yetu kwenye mto Athi. Mtoto aliyeona Ndakaini na Fourteen Falls katika muhula mmoja hahitaji hotuba yangu kuhusu mazingira.

Hoja nzito dhidi yangu ni usafi. Bwawa la maji ya kunywa si mahali pa kuogelea, wala pa kuoshea magari, wala pa kupitishia boti za injini zinazomwaga mafuta. Nakubali kabisa, na ningependa sheria hizo zitekelezwe kwa ukali. Ila tusidanganyane kuhusu adui wa bwawa. Udongo unaolijaza hutoka kwenye miteremko iliyolimwa hadi ukingoni mwa mito na kwenye msitu uliofyekwa. Mtu anayetembea mita mia moja kutoka majini akiwa na chupa yake ya chai hapunguzi kina cha bwawa. Huyo ndiye atakayepiga simu akiona trekta mahali pasipostahili. Ndakaini penyewe pameshapokea umati: mbio za nusu marathoni zilizofanywa huko kwa nia ya kuhifadhi mazingira zilileta wakimbiaji kutoka pande zote za nchi, nao wakapanda na kushuka vilima vile bila bwawa kudhurika.

Tena tunao mfano wetu. Mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa akiutetea msitu wa Karura usigawiwe wajenzi. Hata baada ya msitu kuokolewa, kwa miaka kadhaa watu waliogopa kuingia kwa sababu ya majambazi. Kisha majirani na shirika la misitu wakashirikiana, ua wa umeme ukajengwa, vijia vikasafishwa, vijana wa Huruma na mitaa mingine ya jirani wakapewa kazi, na lango likafunguliwa kwa ada ambayo familia nyingi zinaimudu. Leo mtu akigusa Karura, jiji lote linapiga kelele, kwa kuwa watu wamekimbia humo na watoto wao wamejifunzia baiskeli humo.

Naivasha ni tofauti kidogo. Ni ziwa la asili, lina viboko, na umbali wake ni kama kilomita 90 kutoka Nairobi. Sehemu kubwa ya ukingo imeshikwa na mashamba ya maua na hoteli, hivi kwamba mwananchi wa kawaida hubanana kwenye fuo chache za umma kama ya Karagita. Hapo wenye boti humpa abiria jaketi ya kujiokolea na wanajua viboko wamelala wapi. Wanastahili choo kizuri na gati imara. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 62, inasema mito na maziwa ni ardhi ya umma, na ardhi ya umma isiyofikika na umma ina kasoro.

Ninachoomba hakihitaji mabilioni. Ndakaini ipate kijia kimoja kilichowekewa alama, mbali na maji, chenye vyoo, mapipa ya taka na walinzi waliofunzwa kutoka vijiji vya Gatanga, pamoja na siku maalum za shule ambazo mwalimu hatahitaji kungoja barua. Kaunti yetu ya Kiambu iwalazimishe wenye machimbo kuyafukia au kuyazungushia ua, na lile linalofaa lipunguzwe mteremko, liwekewe mwokoaji na liwe mahali pa watoto kufundishwa kuogelea. Nairobi ianze na majitaka ya Motoine kabla ya kung'oa gugu hata moja, maana gugu lililong'olewa kwenye maji machafu humea tena.

Kila mwaka kaunti hutakiwa kuwaita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti. Vikao hivyo mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache, na barabara ndizo hutajwa kwanza. Kikifika wadini mwako, nenda, simama, uombe kijia cha bwawa na ua wa shimo la mawe, na uhakikishe karani ameandika.