Lori lilijua, sisi ndio tuliofichwa

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya hapa wiki tatu, na wengine mmeniuliza kama nimehama. Sijahama. Nilikuwa Matinyani, Kitui Magharibi, nimelala chini ya lori, na nimerudi na hasira ambayo naona ni heri niimwage hapa kuliko kuimwaga nyumbani.

Lori ni la mjomba wangu. Hubeba mchanga, na msimu wa mavuno hubeba ndengu. Siku moja likiwa na mzigo kilimani, taa ya manjano ikawaka na nguvu zikaisha. Halikuzimika, lilitambaa tu kama mzee mwenye goti bovu. Fundi wa kwanza akasema ni turbo. Ikabadilishwa, hakuna kitu. Wa pili akasema ni nozeli. Zikafunguliwa, zikapelekwa Nairobi, zikapimwa, zikarudi nzima kama zilivyokwenda. Wa tatu akatangaza kwamba kompyuta ya injini imekufa, na akataja bei yake. Hapo ndipo mjomba akanipigia simu: "Mpwa wangu, si wewe ndiye wa mambo ya kompyuta?"

Mimi si makanika. Naandika programu za kuhesabu pesa za watu. Lakini nilikuwa na laptopu na kiadapta cha kusikiliza mtandao wa gari, nikachomeka. Haikuchukua dakika moja. Zikaja namba mbili: 102, kisha 4.

Namba hizo ni za lugha iitwayo J1939, ambayo kompyuta za malori mengi huongea. Namba ya kwanza hutaja kitu, ya pili husema kimepatwa na nini. 102 ni shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo. 4 ni volti iliyoshuka chini kuliko inavyowezekana. Yaani hata si turbo, ni waya! Tukaufuata kwa vidole, tukaukuta umesuguana na chuma hadi ganda likaisha, shaba inagusa bodi. Tukakata, tukaunga, tukafunga tepu. Lori likapanda kilima. Hesabu ya turbo, ya nozeli na ya siku ambazo halikufanya kazi mwulizeni mjomba, mimi naogopa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sitaki kuitukana ile kompyuta. Aliyeiandika ni bingwa. Sensa ya aina hii hulishwa volti 5, na ikiwa nzima hujibu kati ya takriban nusu volti na 4.5. Ikijibu sifuri, kompyuta inajua huo ni uongo. Lakini sasa haijui kuna hewa kiasi gani, na ikimwaga dizeli ya kutosha mzigo bila hewa, injini itatoa moshi mweusi na kuchemka kupita kiasi. Kwa hiyo inachukua dhana ya tahadhari, inapunguza dizeli, na lori linachechemea hadi nyumbani. Ndivyo ilivyo kwa sensa nyingine pia. Ya joto la maji ikikatika, kompyuta hujiwekea kipimo cha kubuni na mara nyingi huwasha feni kwa nguvu zote, ikiwa itafanyika kosa basi liwe la kupoza mno. Kanyagio la mafuta lina sensa mbili zinazochunguzana. Zikipingana, injini hainyanyuki. Sensa ya krenki ikifa, baadhi ya injini huendelea kwa kusoma ile ya kemu peke yake. Ni programu ngapi kati ya tulizoandika sisi zinazofanya hivyo? Zetu zikikosa jibu moja kutoka kwa seva huanguka kifudifudi.

Basi ubishi wangu ni huu. Kompyuta iliyojua yote haya iliyatangaza kwenye waya kila sekunde, na dereva akaonyeshwa nini? Kitaa cha manjano! Kuna kioo pale kwenye dashibodi kinachoweza kuandika saa na kilomita. Kingeshindwa nini kuandika "waya wa shinikizo la hewa"?

Na si suala la pesa tu. Chukua 100, shinikizo la oili. 100 na 1 maana yake oili kweli imeshuka: zima injini sasa hivi au uizike. 100 na 4 maana yake huenda ni waya tu. Dereva aliye peke yake usiku wa manane kwenye barabara ya Kibwezi kwenda Kitui anahitaji kujua ni lipi kati ya hayo. Akikisia vibaya upande mmoja, anaua injini. Akikisia vibaya upande wa pili, anaegesha lori gizani bila sababu, na sote tunajua kinachotokea kwa malori yaliyoegeshwa gizani.

Najua jibu la watengenezaji. Watasema tukifungua, mafundi wa jua kali watachezea programu. Ndugu zangu, kusoma si kuandika! Sikuomba funguo za kubadili kitu, niliomba kusoma jina la ugonjwa. Ulaya yenyewe, kwa kanuni namba 595 ya 2009, iliwalazimisha watengenezaji wa malori kuwapa mafundi huru taarifa za matengenezo. Massachusetts kule Marekani wapiga kura walipitisha jambo kama hilo kwa magari mwaka 2012. Na Agosti 2025 serikali ya Marekani iliwataka watengenezaji walegeze programu zinazolipunguzia lori nguvu ghafla mfumo wa maji ya urea unapopata hitilafu. Kumbe yale makali yalikuwa uamuzi wa watu ofisini, si sheria ya fizikia.

Mafundi nao siwasamehi. Kuna wanaochomeka rizista mahali pa sensa ili taa izime, wakalipwa, wakaenda. Hiyo ni kumziba mdomo anayekuambia nyumba inaungua. Rizista husema joto ni lile lile daima, hata maji yakiwa yamekwisha.

Kwa sasa naandika kiprogramu kidogo cha simu kinachosoma tu, hakigusi kitu, na kutafsiri namba hizi kwa Kiswahili. Mjomba anadai kiwe na Kikamba pia. Nina namba 14 mpaka leo, na lori la jirani yake limeniletea ya 15 ambayo bado linaringa nayo: 157, shinikizo la reli ya mafuta, na 2, yaani sensa inarukaruka. Jumamosi narudi Matinyani na laptopu.